Mtoto wa mbwa anakataa kizimba: tatizo liko wapi?

Ujumbe wa namna hii huingia kwenye simu yangu kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri: "Analia tangu saa tatu, jirani kashagonga ukuta mara mbili, nimfanyeje?" Anayeuliza huwa na mtoto wa mbwa wa miezi miwili, kizimba kipya, na kazi asubuhi. Nalea mbwa hapa Kimara, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na tatu sasa, na watu wa mtaani wamezoea kunipigia wanapokwama, kwa hiyo malalamiko nayajua yanavyofuatana. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Tafuta ya kwako, anza na sababu niliyoitaja mwanzo kwa kuwa ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, na usirukie ya chini kabla hujaikagua ya juu.

Kizimba ninachosema ni cha ndani ya nyumba: cha waya kinachokunjwa, cha plastiki chenye mlango wa wavu, au cha vyuma ulichochomelewa na fundi. Banda la uani ni habari nyingine. Kizimba kinampa mtoto wa mbwa mahali pa kulala ambapo hatatafuna waya wa umeme nyumba nzima ikiwa imelala, na kinamfundisha kubana mkojo, maana mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala. Hilo la mwisho ndilo linalobeba mafunzo yote. Ukiliharibu, utahangaika miezi.

Kabla ya dalili yoyote: mfungue mdomo

Mtoto wa mbwa hapaswi kutengwa na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Wauzaji wengi watakwambia "ana miezi miwili" huku hajafika. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa mmoja kwa maneno hayohayo. Nilipofika nyumbani nikamfunua midomo, nikakuta meno ya mbele na chonge vimetokeza tu kama punje za mchele, na nyuma fizi tupu. Huyo alikuwa na wiki nne hivi. Akifika wiki nane, meno yake 28 ya utotoni kwa kawaida yameshatoka.

Ukigundua wako bado mchanga hivyo, acha habari ya kufunga mlango wa kizimba. Anahitaji joto, chakula kilaini mara nne au tano kwa siku, na daktari wa mifugo amwone mapema. Mafunzo yatasubiri.

Jambo la pili ni minyoo. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo au huipata kwenye maziwa ya mama. Tumbo likijaa kama mpira huku mbavu zinahesabika, au fizi zikiwa zimepauka badala ya kuwa na wekundu wa afya, usimlaumu kwa kutolala. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki mbili na hurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu hivi. Dozi huenda kwa uzito wake, kwa hiyo apimwe.

Analia usiku kucha

Sababu ya kwanza ni upweke. Wiki nane zote alilala amebanana na ndugu zake, anasikia mapigo ya moyo ya mama, na leo yuko peke yake sebuleni gizani. Kisogeze kizimba chumbani kwako, kando ya kitanda, mahali ambapo ukiushusha mkono vidole vinagusa waya. Mwekee ndani fulana uliyoshinda nayo. Kwa watoto wengi kilio kinapungua usiku wa kwanza au wa pili. Baada ya wiki moja au mbili rudisha kizimba taratibu: mlangoni kwanza, kisha koridoni, kisha pale unapotaka kikae.

Ziko nyumba ambazo mbwa haingii chumbani, nyingine kwa sababu za twahara na sala, na hilo liheshimiwe. Hapo kizimba kikae kwenye kibaraza chenye grili, chini ya dirisha la chumba chako, dirisha likiwa wazi ili akusikie ukikohoa na kujigeuza. Sauti ya mtu inamsaidia karibu sawa na mkono.

Sababu ya pili ni mkojo. Chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja: hizo ndizo saa nyingi kabisa anazoweza kubana. Wa miezi miwili ni saa tatu, wa miezi mitatu ni saa nne, na huo ni mwisho wa uwezo wake, kwa hiyo usiufanye ratiba ya kila siku. Kilio cha mkojo kina namna yake. Alikuwa amelala, kaamka ghafla, anazunguka na kunusa sakafu, sauti inapanda. Cha upweke huanza pale tu unapofunga mlango au kugeuza mgongo. Ukisikia cha mkojo, mtoe ukiwa umemfunga kamba, mpeleke palepale anapojisaidia kila siku, simama kimya. Usiwashe taa kubwa, usicheze naye. Akimaliza msifu kwa sauti ya chini, mrudishe. Akigundua kwamba saa tisa usiku ni saa ya mchezo, ataamka kila siku saa tisa. Mimi hutega kengele ya simu saa tano na nusu na saa nane na nusu, nimtoe kabla hajalia, kisha kila baada ya siku chache naisogeza mbele kwa robo saa.

Sababu ya tatu ni joto, na hii kwa sisi wa Pwani ina uzito wake. Januari mwaka juzi umeme ulikatika saa saba usiku. Bobi, mtoto wa mbwa niliyekuwa naye wakati huo, alikuwa kimya tangu saa tatu, akaanza kulia. Nikamtoa nje, hakukojoa. Nikamrudisha, akalia tena, nikaona ni ubishi. Nilipoingiza mkono ndani ya kizimba ndipo nikaelewa. Blanketi nililomtandikia lilikuwa na joto kama nguo iliyotoka kwenye pasi, bakuli la maji limepinduka, naye amejibana kwenye kona moja ambako trei ya sakafuni ilikuwa imebaki wazi, tumbo limebanwa chini kutafuta ubaridi. Feni ilipozima mimi nilikuwa upande wa dirisha, sikuhisi kitu. Tangu siku hiyo natandika kanga chakavu badala ya blanketi, na bakuli la maji nalifunga kwa waya ubavuni.

Njaa huja baada ya hayo. Mtoto wa chini ya miezi minne ale mara tatu au nne kwa siku, mlo wa mwisho uwe kama muda wa saa tatu kabla ya kulala. Akilala na tumbo tupu tangu saa kumi jioni, atakuamsha kwa haki.

Umekagua yote hayo, amekojoa, ameshiba, hana joto, upo karibu, na bado ananung'unika? Hapo mwache. Dakika tano au kumi za manung'uniko ni kawaida na hupungua zenyewe. Lakini ule ushauri wa kumfungia mbali na kumwacha alie mpaka achoke siukubali hata kidogo kwa wiki ya kwanza. Anachojifunza ni kwamba kizimba ni mahali pa kutupwa, na utalipa baadaye kwenye kile kifungu cha kukataa kuingia.

Usipige kizimba kwa fimbo wala kukimwagia maji. Na tafadhali sana, usimpe piriton, paracetamol wala dawa yoyote ya binadamu ili alale. Vidonge vya maumivu vya binadamu vinaweza kumuua mtoto wa mbwa.

Acha kujaribu na mpeleke kwa daktari wa mifugo ikiwa kilio kinaambatana na kutapika, tumbo gumu, kukataa chakula, au akigutuka kwa maumivu ukimshika.

Anakojoa au kunya ndani ya kizimba

Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa, na mara nyingi kosa ni la hesabu. Anza na saa. Mtu wa Kimara anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi saa moja usiku. Hizo ni saa zaidi ya kumi na tatu. Hakuna mafunzo yatakayomfanya mtoto wa miezi miwili abane mkojo saa kumi na tatu, wala si haki kumdai. Mchana, wa umri huo asipitilize saa mbili mlango ukiwa umefungwa. Kama yupo dada wa nyumbani, mama, au kijana wa jirani mnayeaminiana, mpangieni ratiba iliyoandikwa na kubandikwa ukutani. Kama hayupo, mtengenezee uzio mdogo kwenye veranda au chumba chenye sakafu ya vigae, kizimba kikiwa wazi upande mmoja na mahali pa kukojoa upande wa pili. Na kama hata hilo haliwezekani, ni heri usubiri likizo ndipo umchukue, au uchukue mbwa aliyekwisha kukua.

Baada ya saa, pima kizimba. Watu humwagiza fundi kizimba cha mbwa mzima ili wasirudie gharama. Mtoto anakojoa kona ya nyuma, analala ya mbele, na silika yake ya usafi haiguswi. Nafasi inayofaa ni ile anayoweza kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kujinyoosha akilala. Huna haja ya kununua kingine: kata plaiwudi, ifunge kwa waya katikati, uwe unaisogeza nyuma anavyokua. Upande wa ncha za waya ukae mbali naye.

Halafu tazama unavyomtoa. Wengi wanafungua mlango wa nyuma, mtoto anatoka peke yake, anakimbiza mjusi, anarudi na mkojo wake wote na kuumwaga ndani. Toka naye. Simama hapo mpaka umeona kwa macho yako. Nyakati zisizokosewa ni nne: akiamka, dakika 15 hadi 30 baada ya kula, baada ya mchezo, na kabla ya kufungiwa. Zawadi, hata dagaa mmoja aliyechemshwa bila chumvi, apewe palepale alipokojolea. Ukimpa mkiwa mmesharudi ndani anadhani analipwa kwa kuingia.

Harufu nayo inamwita. Pua yake inasoma mkojo ambao wewe unaona umekauka. Osha trei kwa sabuni, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, anika juani. Epuka vimiminika vya usafi vyenye amonia, kwa kuwa harufu yake inafanana na mkojo. Na usichanganye siki na jiki hata siku moja: mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, yako na yake. Jiki juu ya mkojo ambao haujaoshwa nayo hutoa mvuke mkali. Kwanza maji na sabuni, ndipo dawa.

Baadhi hukojolea kitu laini tu. Ondoa matandiko siku kadhaa, acha trei tupu au mkeka wa plastiki, uone.

Kuna kundi moja gumu zaidi: waliolelewa na muuzaji ndani ya kijumba kichafu, wakilala juu ya kinyesi kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Hao silika ya usafi imeshavunjwa. Usimfungie kabisa kwa wiki mbili tatu. Mtoe kila saa moja mchana, mwoshe kila anapochafuka ili ngozi yake ijue ukavu ni nini, kisha uanze upya kama vile kizimba hakijawahi kuwepo. Inachukua muda, ila nimeona ikifanikiwa.

Usimsugue pua kwenye mkojo. Hajui unamwadhibu kwa lipi, ila atajifunza kukojoa akiwa amejificha nyuma ya kochi.

Kuhusu kinyesi: kikiwa laini bila damu naye anacheza, angalia chakula kilichobadilishwa ghafla na maziwa ya ng'ombe, ambayo huharisha watoto wengi wa mbwa. Badilisha chakula taratibu kwa wiki nzima. Akila kinyesi chake, mara nyingi ni njaa, minyoo, au kufungiwa nacho muda mrefu. Kiondoe mara anapomaliza.

Simama na umwite daktari wa mifugo hapa:
- Anachuchumaa kila mara na kutoa matone, analia akikojoa, au mkojo una damu. Hayo mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, na majike hupata zaidi.
- Jike anavuja mkojo akiwa amelala bila kujua, kila siku, hata ukimtoa kila saa. Huenda mirija itokayo kwenye figo haikuungana na kibofu mahali pake. Ni kasoro ya kuzaliwa na husahihishwa kwa upasuaji, mafunzo hayaigusi.
- Anaharisha damu yenye harufu kali, anatapika, amelegea. Hii ni dharura. Inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa kirusi, na mtoto asiye na chanjo kamili anaweza kufa kwa siku chache. Usisubiri kesho, usimpe maziwa wala mkaa. Nenda.

Ikithibitika ni parvo, kirusi kinabaki kwenye mazingira kwa miezi. Kizimba kioshwe kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kisha kilowe kwenye jiki sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, dakika kumi, ndipo kisuuzwe. Usimlaze humo mtoto mwingine asiyechanjwa.

Hataki kabisa kuingia

Karibu kila mara ni haraka. Alisukumwa, mlango ukapigwa, akalia saa mbili. Sasa akikiona anakaza miguu. Rudi nyuma uanze mwanzo. Funga mlango kwa kamba ukae wazi, usije ukajipiga wenyewe ukamshtua. Chakula chake kiwekwe mlangoni kwa siku mbili, halafu katikati, halafu mwisho kabisa. Akiwa anakula ndani bila wasiwasi, funga mlango anapokula na ufungue kabla hajamaliza. Kisha dakika moja baada ya kumaliza. Kisha tano. Kisha nenda jikoni, rudi. Wapo wanaomaliza ngazi zote hizo kwa siku tatu, na mmoja wa kwangu alichukua wiki tatu. Akikataa ngazi moja, shuka ile ya nyuma yake.

Ukiona unakwenda polepole na bado hataki, kagua kizimba chenyewe kwa kiganja chako. Pitisha mkono kila kona, kila kiungo kilichochomelewa. Fundi akiacha nundu za kuchomelea bila kupiga msasa, zinachuna ngozi. Sakafu ya wavu mtupu inaumiza nyayo, tandika plaiwudi. Rangi mpya iache ikauke mpaka harufu iishe. Kikitikisika akigeuka, weka mkeka chini yake. Na tazama nafasi kati ya nondo: kichwa kikipita, kinaweza kunasa, na hapo kizimba hicho hakifai mpaka kiongezwe vyuma.

Kisha uliza watoto wa nyumba, kwa upole, bila kuwatisha. Mara nyingi kuna aliyekuwa anamchokoza kwa kijiti kupitia waya, au mtu mzima aliyemtupa ndani kwa hasira baada ya kuharibu kiatu. Kizimba kisitumike kama adhabu, na akiwa ndani asiguswe na mtu. Sheria hiyo waambie hata wageni.

Anatafuna vyuma, anakwaruza mlango

Kati ya miezi minne na sita anabadilisha meno, na fizi zinawasha. Mpe kitambaa kinene kilichofungwa fundo, kikaloweshwa na kugandishwa kwenye friji, au karoti ya baridi, ukiwa unamwangalia. Mifupa iliyopikwa hapana, hupasuka vipande vyenye ncha. Kama umri si huo, basi hajachoka. Mtoto aliyelala mchana kutwa kwenye kivuli hawezi kufungiwa saa mbili usiku akatulia. Mchezeshe, mtembeze ndani ya ua, mfiche punje za chakula azitafute kwa pua, ndipo aingie.

Kabla ya kufunga mlango, mvue mkanda wa shingoni na mnyororo, kila siku bila kusahau. Pete ya mkanda ikinasa kwenye waya, anajinyonga huku anajinasua.

Hofu kubwa ni kitu tofauti na ukorofi. Kifua kimelowa mate, makucha yanatoka damu, amejinyea ingawa alitolewa muda si mrefu, hagusi hata nyama ukiwa haupo, na fujo inaanza ukishika tu funguo za nyumba. Ukiona hayo, acha kizimba leo hii. Kuendelea kumfungia kunazidisha, na nimeona mbwa aliyevunja chonge kwa kulazimisha kutoka. Mwache kwenye chumba salama na mtu, na utafute daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa tabia.

Anahema ulimi nje, mate yanatiririka, hakuna aliyemkimbiza

Usikae kutafakari. Mtoe kwenye kizimba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja, mpepee. Maji yasiwe ya barafu. Mpe anywe kidogo kidogo akitaka mwenyewe. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likipita 40 yuko hatarini, na akiyumba, akitapika au fizi zikiwa nyekundu sana, safari ya kwa daktari ianze huku unaendelea kummwagia maji. Mbwa wenye pua fupi huzidiwa upesi zaidi. Kizimba kisikae chini ya bati, kwenye veranda inayopigwa na jua la mchana, wala kwenye gari lililofungwa vioo.

Alishazoea, ghafla amebadilika

Fikiria kwanza kilichotokea jana: radi, fataki za mwaka mpya, kizimba kuhamishwa, mgeni. Hayo hupita kwa siku chache ukirudi ngazi mbili nyuma. Kisha angalia wadudu. Viroboto hujaa kwenye matandiko na kumnyima usingizi. Fua kwa maji ya moto na umtibu mbwa pia. Sisimizi hufuata mabaki ya chakula, na panya vilevile, ambao mkojo wao huambukiza mbwa ugonjwa wa figo na ini. Bakuli la chakula litolewe kila akimaliza.

Kwa walio Kilimanjaro, Arusha na kwingine kwenye siafu, nawaomba hili mlichukulie kwa uzito. Mbwa aliye huru akivamiwa na siafu hukimbia. Aliyefungiwa hana pa kwenda. Nyumbani kwa wazazi wangu, Marangu, msimu wa mvua hatuachi mtoto wa mbwa amefungiwa nje usiku, na miguu ya kizimba cha kibarazani inazungushiwa majivu. Akilia kwa sauti ya kukwama na kurukaruka, washa taa utazame sakafu kabla ya kitu kingine.

Kama hakuna tukio wala wadudu, na mtoto aliyekuwa anaingia mwenyewe sasa amelala tu, hataki kula, ana homa, fizi zimepauka au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, mchunguze masikioni na katikati ya vidole. Ukikuta kupe, mpeleke akapimwe damu siku hiyohiyo. Homa za kupe zinatibika zikiwahiwa.

Aliyemeza kipande cha tandiko akaanza kutapika na hapati choo, naye asisubiri. Na ukiona uzi umening'inia nyuma, usiuvute.

Anauma mkono unapomtoa

Mara nyingi amekatishwa usingizi, au analinda mfupa. Mwite atoke mwenyewe kwa kipande cha chakula, usimburute kwa shingo.

Lakini kichaa cha mbwa kipo kwetu, na mtoto wa mbwa anaweza kuwa nacho. Meno yakichana ngozi, hata mkwaruzo mdogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo ukaeleze umeumwa na mbwa wa umri gani na amechanjwa au la. Mtoto wako akiumwa naye aende, hata akisema hasikii maumivu. Usiweke pilipili, mafuta ya taa wala jiwe la nyoka. Mbwa asiuawe wala kutupwa. Abaki amefungiwa salama, apewe chakula na maji bila kushikwa, daktari wa mifugo ajulishwe, na aangaliwe kwa siku kumi. Akibadilika sauti, akitoka mate, akishindwa kumeza au akianza kuyumba ndani ya siku hizo, usimsogelee hata wewe aliyekuzoea, na wapigie simu wote wawili, daktari wake na hospitali uliyokwenda.